Saa ya bamdogo, Dar mpaka Arusha na kurudi

Jumatatu, Mwenge na Kariakoo

Nianze na printa maana yeye ndo chanzo cha yote. Mi nina stationeri ndogo hapa Mwenge, fotokopi, kuchapa, picha za paspoti, mambo hayo. Mwezi uliopita kijana mmoja anayesoma sheria pale Mlimani alileta flashi nimtolee disatesheni yake, kurasa mia na kitu, kuhusu sheria za vita na jinsi wahalifu wa kivita wanavyoshtakiwa. Printa ikafika katikati ikaanza kutapika wino, mistari mistari kila ukurasa, ikabidi nirudie karibu nusu ya kazi kwa hasara yangu. Yale makaratasi mabovu sikutupa, karatasi ni hela bana, huwa nageuza upande wa pili naandikia mahesabu ya duka. Ila kabla ya kugeuza nikawa nasoma. Najua kazi ya mteja haisomwi, lakini dukani saa nane mchana hakuna mtu, jua linawaka, umeme umekatika, utafanya nini.

Sasa wiki iliyopita bamdogo alikuja toka Usa River kutolewa mtoto wa jicho. Bamdogo ni mdogo wake marehemu baba, alipigana vita ya Kagera, alikuwa JKT wakachukuliwa na wenzake mwaka 1978 akiwa na miaka 21. Leo ndo ilikuwa kliniki ya mwisho, wamemtoa pamba, wamempa miwani nyeusi na dawa ya matone, wakamwambia asiiname, asibebe kitu kizito, asisome. Keshokutwa namrudisha nyumbani kwake mwenyewe maana kumpandisha basi peke yake haiwezekani.

Tunatoka hospitali ananiambia, "Mama, kabla hatujaondoka nipitishe Kariakoo kwa fundi saa." Akatoa kitambaa mfukoni kimefungwa fundo, ndani kuna saa. Hiyo saa naijua toka mdogo, ilikuwa inakaa kwenye bati la biskuti pamoja na nishani zake za jeshi na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Ya chuma, kioo kimepasuka kona, uso umekuwa wa njano kama chai ya maziwa, mkanda hauna, mishale imeganda saa nne na dakika ishirini. Nilikuwa nadhani alipewa zawadi na jeshi.

Fundi ni mzee amekaa kibarazani na kimeza chake cha kioo. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, akabandika lenzi jichoni akaifungua ile saa kwa kisu. "Hii ya ufunguo sio ya betri. Maji hayajaingia. Mafuta tu yamekauka, njooni kesho alasiri." Elfu kumi na tano. Halafu akauliza kwa mazoea tu, "Umeitoa wapi mzee mwenzangu, siku hizi hizi hazipo." Bamdogo akajibu ya zamani, akageuka kuangalia magari ambayo hata hayaoni vizuri.

Jumanne, mjini

Asubuhi nikaona nimtembeze mjini, toka afike Dar hajaona zaidi ya korido za hospitali. Tukashuka Posta tukatembea polepole nimemshika mkono mpaka kwenye sanamu ya Askari. Sisi watu wa Dar tunapita pale kila siku hatuiangalii, mi mwenyewe naijua kama sehemu ya kumwelekeza mtu, "ukifika Askari niite". Ipo pale toka 1927. Nikamsomea maandishi ya Kiswahili, yanawakumbuka askari Waafrika wa vita ya 1914 mpaka 1918, na wapagazi, wale waliobeba mzigo wa jeshi kichwani kutoka Tanga mpaka Ruvuma, wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa na kuhara na malaria. Bamdogo akauliza majina yako wapi. Nikazunguka pande zote. Hakuna hata moja.

Tukashuka mpaka Kivukoni tukakaa kwenye ukuta, harufu ya samaki wa feri inakuja na upepo, pantoni linavuka kwenda Kigamboni limejaa mpaka pembeni. Nikamhadithia habari niliyoisoma kwenye yale makaratasi, imetokea hapa hapa mbele ya macho yetu. Novemba 1914 meli za kivita za Waingereza, Fox na Goliath, zilisimama nje ya mlango wa bandari. Ndani Wajerumani walikuwa na meli zao na mojawapo, Tabora, waliitangaza kuwa meli ya hospitali. Bendera nyeupe ikapandishwa. Waingereza wakaingiza boti ndogo, daktari wao akapanda Tabora kuhakikisha kama kweli kuna wagonjwa, wenzake wakaenda kuharibu injini za meli nyingine. Boti zinatoka, bendera nyeupe bado inapepea, zikamiminiwa risasi kutoka nchi kavu. Daktari akabaki huko, akawa mateka. Meli kubwa zikajibu kwa mizinga, na kabla mwaka haujaisha jumba la gavana, pale ilipo Ikulu leo, lilikuwa limebomolewa. Ile Tabora yenyewe ilikuja kuzamishwa kwa mizinga ya Waingereza 1916.

Na wakati huo sheria ilishakuwepo! Mkataba wa Hague wa 1907, nchi zote mbili zilikuwa zimeukubali, unasema wazi bendera nyeupe isitumike kwa hila. Ukisoma maelezo ya kila upande, kila mmoja anamwona mwenzie ndo mvunjaji. Hakuna aliyepandishwa kizimbani kwa ajili ya siku ile, aliyeambulia kitu ni ofisa wa Kiingereza aitwaye Ritchie aliyekuwa kwenye boti, alipewa nishani yao kubwa kabisa ya Victoria Cross.

Mi nilikuwa naisimulia kama kituko. Bamdogo hakucheka. Alisema kitu ambacho yule kijana hakukiandika kwa kurasa zote zile, alisema, "Ukiichezea bendera nyeupe mara moja, kesho anakuja mtu anajisalimisha kweli, mikono juu, na wewe unampiga kwa sababu unaogopa." Halafu akakaa kimya. Halafu akasema, "Vita haina sheria, mama. Ina amri tu." Hilo neno alilirudia safari nzima, nitalirudia na mimi.

Alasiri Kariakoo. Saa inatembea! Fundi katuwekea sikioni kila mtu kwa zamu, tiki tiki tiki kama panya anatafuna. Hafu akaigeuza. "Nilipoisafisha nyuma nikakuta maandishi." Mi nilidhani ya kiwandani, kumbe yamekwaruzwa kwa kitu chenye ncha, msumari labda, herufi za Kiarabu zimepinda pinda na tarakimu chini yake. Fundi ni mtu wa Pwani, amesoma madrasa utotoni, akazifuata kwa kidole. Akatamka jina la mtu, na jina la baba yake, na namba.

Jina silitaji hapa, ana ndugu zake huko aliko.

Bamdogo alivua miwani. Daktari alikataza asiivue juani, nikamwambia bamdogo miwani, hakusikia. Alilipa elfu ishirini hakusubiri chenji. Kwenye daladala hakuongea mpaka tumepita Magomeni ndo akasema, "Miaka yote nilidhani ni urembo wa saa."

Jumatano, barabarani

Stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja alfajiri, baridi kidogo, wapiga debe wanakung'ang'ania begi kama limeandikwa jina lao. Tumepata siti za mbele upande wa kulia. Basi lina runinga na muvi ya kupigana, sauti juu, kila ngumi inatoa mlio wa sufuria kuanguka. Kibaha, Chalinze, daraja la Wami, yote nimepita kwa usingizi.

Kuanzia Segera nimeamka, bamdogo akaanza mwenyewe. Sijamuuliza. Alisema ilikuwa Entebbe, Aprili 1979. Amin alikuwa amepelekewa askari na Gaddafi kumsaidia, wakapigwa Lukaya, wakapigwa tena Entebbe, baadhi wakakamatwa. Yeye na sajenti wake walikabidhiwa kulinda mateka watatu wa Libya usiku mmoja kwenye banda. Mmoja alikuwa mdogo kama yeye, ameumia kisigino, anatetemeka. Sajenti akasema mvue vitu. Akamvua. Sajenti akachukua hela na mkanda wa suruali, akamwambia saa chukua wewe. "Na mimi nikachukua. Sijawahi kuwa na saa maishani."

Nikakaa nayo hiyo. Muvi inaendelea kupiga sufuria.

Yale makaratasi mabovu nilikuwa nimeyabeba, niliyaweka kwenye mkoba nisome njiani, na kumbukumbu yangu ilikuwa inaniambia kuna sehemu. Nikapekua mpaka nikaipata, imepakwa wino nusu. Mkataba wa tatu wa Geneva, 1949, ule wa mateka wa vita. Nikamsomea taratibu kwa Kiswahili changu: mateka anabaki na vitu vyake vyote vya matumizi binafsi, isipokuwa silaha, farasi, zana za jeshi na nyaraka za jeshi. Hela haichukuliwi mpaka kwa amri ya ofisa na inaandikwa kwenye daftari na mwenyewe anapewa risiti. Kitu cha thamani kinaweza kuchukuliwa kwa sababu ya usalama tu, na chenyewe kwa risiti, na siku akirudi kwao anarudishiwa. Vyeo, nishani, vitu vya kumbukumbu visiguswe.

"Farasi wametajwa?" Wametajwa. Akacheka kidogo. "Na saa?" Saa ni kitu chake binafsi bamdogo. "Hiyo ya mwaka gani umesema?" 1949. Akahesabu kwa vidole. "Sisi tulikuwa 79."

Tukasimama Korogwe kula, chipsi kuku, foleni ya choo ndefu, dakika 20 zikawa 10 kama kawaida ya makonda. Mkonge pande zote mbili mpaka macho yanachoka.

Tulivyorudi kwenye siti akawa anajitetea, sio kwangu, kwa nafsi yake nadhani. Akanieleza habari ya Mutukula, na hii ngumu kwa mtu wa rika lake kuisema maana vita ile kwetu ni ya haki, Amin ndo alivamia Kagera Oktoba 1978, akaua watu, akalipua daraja la Kyaka. Januari 79 askari wetu walipoingia Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, walikuwa na hasira za Kyaka, wakausawazisha kwa mabuldoza na raia waliokuwa hawajakimbia wakauawa. Mwalimu Nyerere aliposikia alichukizwa sana, ikashuka amri kwamba raia na mali zao wasiguswe tena. "Na baada ya hapo tulikaa sawa. Unaona? Amri ndo iliyofanya kazi, sio makaratasi ya Geneva."

Nikasema sawa, lakini amri ilisema nini kuhusu mateka?

Hapo alikaa muda. Tumeshapita Mombo, milima ya Usambara ipo dirishani kwake na mawingu yamelala juu, haioni vizuri. "Amri ilisema raia," akasema. "Mateka haikusema."

Basi ndo hapo mi nikaelewa yale makaratasi yanatafuta nini, kwa sababu mwanzoni niliyaona ni maneno ya wazungu wamekaa hotelini. Kamanda anatoa amri kwa kile anachokiona siku ile. Asichokiona kinabaki kwa sajenti, bandani, usiku. Mikataba ile minne ya 1949 imejaribu kwenda mpaka bandani, mmoja wa majeruhi wa nchi kavu, mmoja wa majeruhi na waliozama baharini, mmoja wa mateka, mmoja wa raia, na Tanzania imeikubali yote. Haitegemei nani kaanza vita wala nani ana haki. Askari wa Nyerere na askari wa Amin wote inawabana sawa sawa, na ndo kitu kilichomuuma bamdogo kuliko yote nilivyomwona, maana yeye anajua nani alikuwa mvamizi.

Akauliza kwa hiyo sajenti ndo mwenye kosa, mimi niliamriwa. Nikamsomea ya Nuremberg. Wajerumani wakubwa wa Hitler walishtakiwa pale 1945 mpaka 1946, na kanuni za ile mahakama zilisema kuamriwa na mkubwa wako hakukuondolei kosa, kunaweza kupunguza adhabu tu. Na upande wa pili mkubwa naye hachomoki, kama alijua watu wake wanafanya uhalifu, au hali ilikuwa ya yeye kujua, na hakuzuia wala hakuadhibu, ni lake. Kwa maana hiyo kosa linapanda juu na linashuka chini kwa wakati mmoja.

"Watanifunga?" Alikuwa anatania nusu. Nikamwambia hakuna mahakama ya dunia itakayokaa kwa ajili ya saa moja, ile ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai ya Hague, yenyewe inashughulika na makosa mazito tu na inaanzia Julai 2002, ya nyuma haigusi. Ila uporaji ni uporaji, neno limeandikwa. Akasema haya.

Kabla ya Same mkanda wa injini ukakatika. Masaa mawili na nusu porini, jua, mbuyu mmoja watu 60 tunagombania kivuli. Kampuni haikutupa hata maji. Konda anasema "dakika tano wapendwa" kila baada ya nusu saa. Jamaa wa siti ya nyuma aliyekuwa anatusikiliza muda wote ndo akajisogeza, mwalimu wa sekondari anaenda Moshi, akasema sheria gani hiyo, mbona wakubwa hawakamatwi, Amin mwenyewe amekufa kitandani Jeddah 2003 hajawahi kuulizwa swali. Na ni kweli, sikuwa na cha kumjibu. Nikamwambia kuna waliokamatwa, kesho naenda kuona walipohukumiwa. Akasema kila la heri.

Usa River tumefika saa nne usiku. Mamdogo ameweka ndizi nyama mezani zimepoa amezipasha mara tatu.

Alhamisi, Arusha

Nilitaka kwenda peke yangu, bamdogo kakataa, kavaa koti. Tukapanda hiace mpaka mjini, tukashuka karibu na AICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa.

Jengo lenyewe ni la miaka ya sabini, lilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, mabawa yake yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Humo ndimo ilimokaa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Baraza la Usalama liliiunda Novemba 1994, ikafungwa mwisho wa 2015. Walioshtakiwa 93, waliohukumiwa adhabu 62, walioachiwa huru 14. Leo pale ni mikutano na maofisi, watu wenye suti na vitambulisho shingoni, hakuna anayekumbushwa kitu.

Tukakaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara na juisi ya miwa. Bamdogo ana lake na Rwanda. Mwaka 1994 alikuwa ametoka jeshini anaendesha lori, akapeleka mahindi Ngara, na anakumbuka mwisho wa Aprili ile, watu kama robo milioni walivuka Rusumo kwa siku moja tu hivi, na pale mpakani mapanga yamerundikwa maana walinyang'anywa wakati wa kuvuka. "Huwezi kujua nani kakimbia kuuawa na nani kakimbia baada ya kuua. Wote wana njaa." Na yote yalianzia na ndege iliyotoka kwetu, rais wa Rwanda, Habyarimana, alikuwa Dar kwenye mkutano tarehe 6 Aprili, yeye na rais wa Burundi, wakapaa jioni ikatunguliwa inatua Kigali. Siku kama 100, watu laki nane.

Nikamsimulia kesi ya Akayesu, hii ndo iliyonifanya nisome yale makaratasi mpaka saa tano usiku nimefunga duka. Jean-Paul Akayesu alikuwa bwana mkubwa wa wilaya ya Taba, zamani mwalimu. Siku za kwanza za mauaji alizuia, watu wake hawakuuana. Tarehe 18 Aprili akaenda kwenye mkutano na wakubwa wa serikali, aliporudi kabadilika, mahakama iliona hivyo, toka hapo mauaji Taba yakaanza na yeye yumo. Ni lile lile neno la bamdogo, amri ilishuka. Alikamatwa Zambia 1995. Kwenye mashtaka ya mwanzo hakukuwa na ubakaji hata mstari mmoja. Kesi inaendelea, shahidi mwanamke, yupo pale kwa jambo lingine, akataja. Jopo lilikuwa na jaji mwanamke mmoja tu, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, akauliza zaidi. Wakaja wengine. Juni 1997 mwendesha mashtaka akaongeza mashtaka. Septemba 2, 1998 hukumu, ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ya kwanza kusema ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji hayo. Hapa. Kwenye hili jengo, sisi tunakunywa juisi. Siku mbili baadae Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, kifungo cha maisha, na huyu alikiri mwenyewe. Hafu 2003 wale wa redio na gazeti, ambao hawakushika panga, walishika maikrofoni na kalamu.

Wale wanawake wa Taba majina yao yalifichwa, mahakamani wanaitwa kwa herufi tu, pazia limewakinga. Nikafikiria sanamu ya Posta. Sikumwambia bamdogo, alikuwa anaweka matone jichoni kwa kubahatisha yanashuka shavuni, nikamnyang'anya chupa nikamwekea.

Sasa nisiwadanganye kama mambo yalikuwa mazuri yote. Kesi moja ilichukua miaka na miaka, hela nyingi sana, na wa upande wa RPF, wale waasi walioshinda vita wakashika nchi, hakufikishwa hapa hata mmoja ingawa nao walituhumiwa kuua. Na wale walioachiwa huru au kumaliza vifungo, wengine walikwama Arusha miaka hawana nchi ya kuwapokea, Desemba 2021 wanane wakapelekwa Niger na huko nako wakaambiwa waondoke. Huru bila pa kwenda.

Mchana tukachukua bajaji mpaka Lakilaki, ng'ambo ya uwanja mdogo wa ndege, ndipo ilipo taasisi iliyorithi kazi za ile mahakama na nyaraka zake zote. Barabara yake imeitwa Haki. Mlinzi mpole sana, akatuambia mngeomba kwanza kwa barua pepe, na kosa ni langu kweli sikuomba. Tukasimama tu getini. Nikamwambia bamdogo kwamba walikuwa wanatafuta watoro mpaka juzi juzi, Kabuga mwenye hela zake amekamatwa Mei 2020 karibu na Paris, miaka 26 amejificha. Kayishema amekamatwa Afrika Kusini 2023. Mei 2024 wakamaliza orodha, waliobaki wameonekana wameshakufa.

"Na Kabuga kafungwa?" Hapana, 2023 mahakama ikasema akili yake imechoka, ana ugonjwa wa kusahau, kesi haiwezi kuendelea. Bamdogo akakaa kimya, akaigusa saa. Alikuwa ameivaa. Toka Dar sikuwa nimeiona mkononi kwake, ameitafutia mkanda wa ngozi kule kwa mamdogo.

Kwenye hiace ya kurudi akaniuliza kitu ambacho hakina uhusiano na wahalifu wakubwa hata kidogo. Yule mtu kama alirudi kwao, maana mateka wa Libya waliachiwa baadae mwaka ule ule, vitu vyake vilivyobaki sheria inasemaje.

Nikafungua makaratasi kwenye mwanga wa simu. Ipo. Sikuamini lakini ipo, kifungu cha 122 cha mkataba ule ule: nchi iliyoshika mateka inatakiwa iwe na ofisi ya taarifa, na hiyo ofisi ikusanye vitu vya thamani vilivyoachwa na mateka walioachiwa, waliotoroka au waliokufa, ivifikishe kwa nchi zao. Kifungu kinachofuata kinataja ofisi kuu ya taarifa za mateka, na Msalaba Mwekundu wa kimataifa umetajwa humo kupendekeza jinsi ya kuipanga. Watu walikaa Geneva 1949 wakafikiria mpaka saa iliyosahaulika.

"Sio iliyosahaulika," akasema bamdogo.

Ijumaa, kurudi

Basi lingine, halikuharibika, muvi ile ile. Bamdogo kanisindikiza mpaka stendi ndogo ya Usa River, kaomba nimwachie ule ukurasa wenye kifungu. Nikamwambia hutakiwi kusoma. Akasema mamdogo atamsomea. Nimemwachia, na mahesabu ya wino yako nyuma yake.

Jumatano iliyofuata, Mbezi

Asubuhi nimepigiwa simu na konda, kuna mzigo wako. Nimeenda Mbezi kuufuata, boksi la dawa ya macho limezungushiwa gundi ya karatasi mara kumi. Ndani kitambaa kile kile, saa ndani yake, bila mkanda, na karatasi ya daftari kwa mwandiko wa mamdogo maana bamdogo haruhusiwi bado: jina kama fundi alivyolitamka, jina la baba yake, namba, "Entebbe, Aprili 1979, imechukuliwa na", halafu jina kamili la bamdogo na namba yake ya jeshi. Chini kabisa: "Peleka kwa Msalaba Mwekundu. Wakupe risiti."

Nimeitia ufunguo pale pale stendi. Inatembea, ila inachelewa dakika tano kwa siku, fundi alishasema.